Machela ya mtoto: shika ncha kabla ya kupenda rangi

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani hapa Tanga. Machela ya kwanza ya mtoto, ile ya kulalia kati ya miti miwili, niliyoitazama kwa makini ililetwa mezani kwangu ikiwa imeshaachia. Mama mwenye nayo alisema, "Dada fundi, nipigie hapa pembeni tu, watoto hawanipi raha." Nikaigeuza. Kitambaa chake cha rangi ya machungwa kilikuwa kizima, hakina hata tundu la mwiba. Kilichoachia ni ncha: ile njia ya kupitishia kamba, pindo lililokunjwa mara moja likapigwa mshono mmoja, kwa uzi wa pamba, mapigo marefu kama ya kushikizia suruali kabla ya mteja kupima. Niliudaka uzi kwa kucha nikauvuta. Ukafumuka wote kwa mara moja, mithili ya uzi wa mdomo wa kiroba cha mchele.

Nilimshonea upya bure, maana sikuweza kuirudisha vile. Tangu hapo kila anayeniuliza anunue machela gani kwa watoto wake wakienda kulala porini au ufukweni, ninamwambia neno hilihili: machela haichaniki tumboni, inaachia kwenye ncha. Basi tazama ncha.

Ninaposema machela sisemi ile ya hospitali ya kubebea wagonjwa. Nasema kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, mtu akalala huku ananing'inia. Wengine wanakiita bembea. Mimi silipendi jina hilo kwa kitu cha mtoto, kwa sababu akisikia bembea atakisimamia na kukirukia, na hakikushonwa kwa kazi hiyo.

Ukifika dukani usiikunjue kwanza. Ukiikunjua utaona rangi, utaona picha ya twiga, moyo utalainika. Iache ndani ya mfuko wake, toa ncha moja tu. Tafuta mahali kitambaa kilipokunjwa ili kamba ipite. Pindo liwe limekunjwa mara mbili, ule ukingo mbichi umefichwa ndani, siyo ovaloki tupu, yaani ule mshono wa kuzuia ukingo usichambuke, inayochungulia. Hesabu mistari ya mshono: mmoja haufai, miwili inavumilika, mimi nataka mitatu. Weka ukucha wa kidole gumba juu ya mshono uhesabu mapigo. Katika sentimita moja yawe matatu au manne. Yakiwa machache, uzi unabeba mzigo kwa sehemu chache mno. Yakibanana kupita kiasi, sindano imetoboa kitambaa mpaka kimekuwa stempu, kitachanika kwenye ule mstari wa matundu. Kisha angalia mwanzo na mwisho wa mshono. Fundi mwenye kazi yake anarudisha cherehani nyuma kidogo ili uzi usifumuke. Ukiona uzi umekatwa tu na mkia unaning'inia, irudishe mfukoni.

Baada ya hapo shika kitambaa upande huu na upande huu wa mshono, dole gumba kwa dole gumba, uvute kwa nguvu zako zote kisha utazame kwenye mwanga. Matundu ya sindano yakifunguka ukaona nuru inapita kama kwenye chujio, hiyo bado mpya imeshaanza kuachia. Muuzaji akikukataza usivute, umeshapata jibu lako.

Kitambaa chenyewe hakina maneno mengi. Nailoni nyepesi ya aina ya parachuti ndiyo inayotumika zaidi, na iliyo bora ina miraba midogo iliyofumwa kwa nyuzi nene kidogo, ili tundu likitokea lisikimbie. Pamba ni laini na haitoi jasho, lakini ikilowa ni nzito na haikauki haraka.

Neti ndiyo inayonifanya nisimame. Nawaomba wazazi wasimnunulie mtoto machela ya nyuzi zilizofumwa kama wavu, ile inayokunjika ikawa saizi ya ngumi. Nilikuwa nayo. Niliinunua ya bluu, nikaenda nayo Ushongo likizo ya Desemba, ng'ambo ya mto Pangani, tukaifunga kwenye mivinje. Mtoto wa kaka yangu, miaka saba wakati huo, alijilaza akaanza kujiviringisha. Mimi nilikuwa hatua mbili tu, nakata maembe. Kifungo cha shati lake kilinasa kwenye tundu la wavu. Alipotaka kushuka, wavu ulimfuata, ukajisokota, nyuzi zikapita chini ya kidevu. Hakupiga kelele. Hilo ndilo ninalotaka mzazi alijue: hakupiga kelele, kwa sababu hakuweza. Nilichosikia ni visigino vyake vikikwaruza mchanga. Mkasi wangu mdogo wa kukatia nyuzi haubanduki kwangu hata safarini, nikaingiza ncha yake kati ya wavu na shingo nikakata nyuzi nne, tano, akaporomoka mapajani kwangu akikohoa. Alama nyekundu ilikaa shingoni siku tatu.

Nilipokuja kusoma baadaye nikakuta hili linajulikana miaka mingi. Mwaka 1996 mamlaka ya usalama wa bidhaa nchini Marekani ilisimamia kurudishwa kwa machela ndogo za wavu zaidi ya milioni 3, zile zisizo na fito za kutanua ncha, baada ya watoto kunyongwa nazo. Wavu bila fito unakuwa kamba nyingi pamoja, na mtoto anayejigeuza anajisuka humo mwenyewe. Kwa hiyo chagua kitambaa kilichofumwa kikabana, hata kidole cha mtoto kisipenye. Na kabla hajapanda, mvue kofia yenye kamba, mvue cheni, mwondolee chochote cha shingoni.

Twende kwenye saizi. Machela ya mtu mzima huwa na urefu wa karibu mita 2.7, ya mtoto ni mita 2 au pungufu. Mimi hupima hivi: urefu wa mtoto, juu yake niongeze mita moja kasoro kidogo. Binti yangu ana sentimita 118, ya mita 2 inamtosha na itamtosha miaka miwili mbele. Upana usipungue mita 1.2, maana machela hailaliwi kwa kunyooka kama mtumbwi. Mtoto anakaa mshazari, kichwa kushoto kidogo na miguu kulia kidogo, ndipo mgongo unanyooka. Nyembamba inamfunika mabega na kumkunja.

Uzito nao una elimu yake. Muuzaji atakwambia, "Hii mama inabeba kilo mia mbili," na kweli imeandikwa kwenye mfuko. Kilo hizo ni za mzigo uliotulia. Mtoto wa kilo 20 akijitupa ndani, kwa kitambo kile machela inahisi mara mbili, mara tatu. Tena hawaendi mmoja mmoja. Na usiku mtoto mdogo akilia, mtu mzima ataingia kumbembeleza, akatae asikatae. Kwa hiyo mimi sinunui machela ambayo siwezi kukaa ndani yake mwenyewe, na nina kilo 82.

Ukifungua mfuko utakuta vitu vya kufungia. Kama ni kamba nyembamba ya mviringo, itupe uweke mikanda bapa, upana usiopungua sentimita 2.5. Kamba nyembamba inakata ganda la mti na inateleza. Mikanda ya poliesta ni bora kuliko ya nailoni, kwa kuwa nailoni ikilowa inarefuka: unamlaza mtoto juu, asubuhi unamkuta karibu na ardhi. Angalia kitanzi cha mwisho wa mkanda. Mshono wake uwe kisanduku chenye msalaba ndani, kama ule ulioko kwenye mkanda wa begi zuri la shule, na upigwe kwa uzi mnene.

Watu wa hapa kwetu wataniuliza kuhusu kamba ya katani. Tumekulia kwenye mkonge. Tangu Mjerumani Richard Hindorf aulete mwaka 1893, miche 62 ikiwa ndiyo iliyofika hai, mkoa huu umeula na kuulalia. Mimi mwenyewe baba alikuwa mkata mkonge. Lakini katani ikilowa na kukauka mara nyingi inaoza kutoka ndani, nje bado inaonekana nzima, na siku ya kukatika haitoi taarifa. Ifungie mzigo kwenye baiskeli. Usimtundikie mtoto.

Kisha karabina, yaani zile kulabu zenye mlango wa springi. Mara nyingi hapa ndipo wanapobana matumizi. Wanakuwekea zile za kuning'inizia funguo, za rangi ya kupendeza, ambazo zikivutwa kwa nguvu zinanyooka. Karabina ya kubeba mtu imechorwa namba ubavuni ikifuatiwa na kN, yaani kilonyutoni, kipimo cha nguvu. Kila 1 kN ni karibu kilo 100, hivyo iliyoandikwa 12 kN inahimili takriban kilo 1,200. Isiyo na namba yoyote, ifungie funguo. Bonyeza mlango wake mara ishirini hapohapo dukani. Ukigoma kurudi hata mara moja, chagua nyingine.

Ukifika nyumbani usikimbilie kumpandisha mtoto. Mimi hufunga kwenye mwembe na mwarobaini wa uani, nikaweka ndani viroba viwili vya unga vya kilo 25, nikaacha usiku kucha. Asubuhi napima kwa tepu yangu imeshuka kiasi gani. Kushuka sentimita chache ni mafundo kujikaza. Ikishuka zaidi, au pindo likiwa limejikusanya upande mmoja, natafuta sababu kabla ya kuendelea. Halafu ninakaa mimi, taratibu, mkono mmoja umeshika mti, kisha najinyanyua na kukaa tena mara kumi. Nasikiliza. Mshono unaokufa unalia kwanza: tik, tik, kama mbegu za ufuta kwenye kikaango.

Hapa kwenye kufunga ndipo hata machela nzuri inaharibiwa. Watu wengi wanaivuta mpaka inyooke kama rula, wakidhani ndiyo itakuwa imara. Fikiria kamba yako ya kuanikia nguo. Ukiikaza sana, jinzi moja mbichi inang'oa msumari ukutani; ukiilegeza, inabeba nguo za nyumba nzima. Kwenye machela ni vilevile. Mkanda ukiinama kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka usawa, mtoto wa kilo 20 anavuta kila upande kwa kilo 20. Ukiukaza mpaka nyuzi 10, mtoto yuleyule anavuta kila upande kwa karibu kilo 58. Iliyokazwa pia ni rahisi kumpindua, maana kitambaa kinakuwa bapa na hakimkumbatii. Iache itabasamu. Kwa machela ya mita 2, mimi natafuta miti iliyoachana kama mita 3 na nusu, nafunga mikanda usawa wa kwapa langu, na chini ya tumbo la machela mtoto akiwa ndani pasizidi sentimita 40. Yaani akianguka, ameanguka kutoka kwenye kigoda. Mkia wa mkanda uliobaki usiachwe ukining'inia; usokote juu, watoto hufanya kila kinachoning'inia kuwa mchezo wa shingoni.

Sasa mti. Kwetu pwani kila mgeni akiona minazi miwili anaona machela kati yake, kwa sababu ndivyo picha zinavyoonyesha. Inua macho kwanza. Nazi kavu ikidondoka kutoka urefu wa mita 15 au 20 haiulizi aliye chini ni nani, na kuti kavu likiachia linashuka na kishina chake kizito mbele. Kama mnazi una nazi, au una makuti ya kahawia yaliyolala, sifungi hapo, hata mwenye shamba aseme umeanguliwa jana. Mvinje unanifaa zaidi ufukweni: shina gumu, mizizi imeshika mchanga, na kivuli chake hakidondoshi kitu kizito. Mwembe una nguvu, ila pitisha macho kwenye majani yaliyoshonwa pamoja; hayo ni makao ya maji moto, wale sisimizi wanaouma, na wakianza kushuka kwenye mkanda mtoto ataamka kwa kelele. Mkorosho matawi yake yanavunjika kirahisi. Ukitumia, tumia shina. Mpapai usiufikirie kabisa, ndani ni mtupu. Lushoto, kwenye misitu ya juu, misonobari iko mingi na imenyooka, lakini mikaratusi huangusha matawi bila upepo, basi nisipofika kileleni kwa macho nikaona matawi yote yana majani, nasogea mti mwingine.

Unene wa shina napima kwa tepu: mzingo wa sentimita 60 na zaidi, ukiwa hai. Gonga kwa jiwe dogo. Mti mzima unatoa sauti fupi nzito. Ulioliwa na mchwa unaitikia kama ngoma. Nguzo za tofali za baraza au za geti usizifungie machela. Nguzo inabeba uzito wa kutoka juu. Machela inaivuta kwa ubavu, na ikianguka inamwangukia aliyelala.

Ardhi ya chini ifagie kwa mkono, siyo kwa macho. Kisiki, jiwe, chupa, mzizi uliochomoza, vyote nje, mpaka mita moja na nusu kila upande. Jiko na moto wa kuni viwe mbali zaidi ya hapo. Nailoni haiwaki tu, inayeyuka ikaganda kwenye ngozi.

Mtoto naye anafundishwa. Makalio kwanza, katikati kabisa, mikono miwili imeshika kingo, halafu miguu iingie. Kushuka ni kinyume chake, miguu iguse chini kabla ya kusimama. Binti yangu nilimfanyisha mara kumi tukiwa uani, na mara tano za mwisho nilimfumba macho kwa kanga, kwa sababu usiku atashuka gizani kwenda kujisaidia. Asiyeweza kupanda na kushuka peke yake hajafika umri wa machela, awe na miaka minne au sita. Mtoto mchanga usimlaze humo hata kwa usingizi wa mchana. Najua tulipembezwa kwenye kanga tukiwa wadogo, bibi amekaa kando na mkono wake hautoki kwenye kamba. Lakini kichanga akiachwa humo kidevu kinaangukia kifuani, njia ya hewa inabanwa, na hana nguvu ya kuinua kichwa. Mahali pake ni tambarare na pagumu kidogo, chali. Na hata mkubwa, wakati anachezea machela mchana, mtu mzima awe karibu kwa kuona, siyo kwa kusikia. Nimeshasema kwa nini.

Kama mtalala usiku, chandarua ni lazima, pwani na hata milimani. Angalia zipu: ifunguke kutoka ndani kwa mkono wa mtoto, na kivutio chake kiwe kikubwa cha kushikika gizani. Nimefunga kipande cha utepe mweupe kwenye cha kwetu. Jambo lingine wengi hawalitegemei: mbu wanauma kutoka chini, kupitia kitambaa chembamba kilichoshikana na mgongo. Tandika kitu ndani, hata kikoi kilichokunjwa mara mbili. Lushoto, takriban mita 1,400 juu ya bahari, kitu hicho hakitoshi. Mwezi wa saba baridi inapanda kutoka chini na blanketi la juu halisaidii, kwa kuwa mgongo umekibana kitambaa na hewa yote imetoka. Tulimwekea godoro jembamba la povu, sentimita mbili tu, akalala mpaka jogoo.

Mkirudi kutoka baharini, isuuze kwa maji yasiyo na chumvi, pindo zote uzigeuze kukung'uta mchanga, maana mchanga uliobaki ndani ya mshono unasaga uzi kila anapobembea. Anika kivulini. Jua kali linaua nailoni taratibu: ukiipapasa inakuwa kavu, inachakarika kama karatasi ya bofulo, yaani mkate.

Kwenye machela zetu nimeshona alama. Pembeni ya kila mshono wa ncha nimepitisha mstari wa uzi mwekundu, milimita tatu kutoka kwenye pindo. Kabla ya kila safari naziweka juu ya meza ya kukatia, nawasha taa, natazama ule umbali. Mstari ukisogea, au ukipinda sehemu moja, mshono umeanza kukimbia. Ile yetu ya kijani mstari wake ulipinda mwezi wa sita, upande wa miguuni, kiasi cha punje ya mchele. Binti yangu alinisihi, "Mama, ishone tu." Kitambaa kilikuwa kimechoka jua la misimu mitatu, uzi mpya usingekuwa na pa kushika. Niliikata vipande siku hiyohiyo, nikashona mifuko sita ya viatu, nisije nikasikia jirani ameiokota jalalani na kumlaza mwanawe.